Damu ya Lulwa

"Huyu si Lulwa wangu. Umembadilisha."

Hapo ndipo tulipomwacha Millicent wiki iliyopita, kasimama jikoni Al Wakrah, Qatar, na sahani mkononi, na Madam Muna mbele yake kamshika fereti kwa ngozi ya shingo kama mtu aliyeokota soksi chafu.

Sahani haikuanguka. Nasema mapema kwa sababu wapo walioniandikia wakidai lazima ianguke. Millicent aliiweka kwenye sinki, akafuta mikono, akauliza swali ambalo mfanyakazi wa ndani hapaswi kumuuliza mwajiri wake.

"Mama, ningembadilisha na nani?"

"Unaniuliza mimi?"

Kwa mliochelewa, fereti ni mnyama mrefu, mwembamba, jamaa wa kicheche, ila yeye hufugwa ndani kama paka na hunuka kupita paka. Lulwa ni jike la rangi ya kahawia. Ana mstari mweupe unaopanda katikati ya kichwa, kisha unakata kona juu ya jicho la kushoto. Madam alimnunua kwa Gakii, Mkenya mwenzetu anayeziuzia familia kubwa za Doha wanyama wa kufuga ndani. Na Gakii hakuuza mnyama peke yake. Aliuza ukoo. Baba wa Lulwa, kwa maneno ya Gakii, alikuwa bingwa wa mashindano huko Uholanzi. Bibi yake alizaliwa katika jumba la tajiri wa Muscat. Damu safi, masikio makali.

Masikio! Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Jana, wanawake wote wa ukoo wa mume wakiwa wamekaa sebuleni, wifi yake Madam, Bi Latifa, alikuja kumtazama Lulwa kama anafaa kuolewa na dume lake. Alimwita. Lulwa kalala. Akampigia makofi. Lulwa kalala. Akamwinua, mnyama akashtuka kutoka usingizini na kumng'ata kidole hadi damu ikatiririka kwenye zulia. Asubuhi daktari wa wanyama akatoa jibu: fereti huyu ni kiziwi tangu tumboni, na uziwi wa namna hii unatoka kwenye damu ya wazazi.

Gakii akapigiwa simu. Akajibu kwa sauti laini kabisa.

"Mama, mimi nilikuuzia mnyama anayesikia. Muulize mfanyakazi wako."

Ndivyo ilivyo rahisi kummaliza mtu. Sentensi moja tu, tena ya adabu.

"Vaa abaya yako," Madam akamwambia Millicent. "Tunakwenda kwa Gakii sasa hivi. Ikijulikana kwamba huyu ndiye niliyemnunua, unabaki na kazi yako. Ikijulikana siye, Herbert anakutoa pale kwa gari moja kwa moja hadi polisi, na polisi watakutafutia ndege."

Millicent alielewa vizuri. Alikuwa ameshafaulu usaili wa kazi ya kulea wagonjwa katika nyumba ya wazee mjini. Kilichobaki ni Madam kumkubalia ahamie kwa mwajiri mpya. Mwizi hahamishwi. Mwizi hurudishwa kwao, na Ghuba haioni tena.

Akavaa abaya. Vishikizo alivifunga kombokombo.

*

Ndani ya gari alikaa kiti cha nyuma kabisa, kikapu cha Lulwa mapajani. Harufu ya mnyama ilimpanda kichwani na tumbo likamchafuka. Alimeza mate. Si harufu peke yake, na yeye alijua. Kulikuwa na habari aliyokuwa akimtunzia mchumba wake mpaka Ijumaa, wakitoka kanisani, na hakutaka kuifikiria katika gari hili.

Madam alikuwa kwenye simu na wifi yake, anaapa kwamba mwizi ameshapatikana. Millicent akainamia yake na kupiga.

"Njenga. Niko njiani na Madam."

"Najua. Boss ameniambia nifukize udi kila kona."

Njenga ndiye huyo mchumba. Ndiye pia anayewalisha na kuwaosha fereti wa Gakii katika fleti moja ya mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, juu ya duka la dobi. Wapo wasomaji wanaompenda sana Njenga. Nimepokea hata salamu zake. Endeleeni kumpenda kidogo.

"Niambie ukweli," Millicent akanong'ona. "Huyu ni yule yule mliyeuza?"

"Milly, mimi ndiye nilimpokea akizaliwa. Alikuwa mdogo kuliko kidole changu. Huyo ni Nyambura wangu."

Nyambura! Hapa lazima niwaeleze kichaa cha huyu bwana. Njenga ni Mkikuyu wa Nyeri, na fereti wake huwapa majina kama watu wa kwao wanavyowapa watoto. Jike wa kwanza kuzaliwa anaitwa jina la mama ya baba. Wa pili anaitwa jina la mama ya mama. Wa tatu, jina la dada ya baba. Haruki hata mmoja. Amefanya hivyo tangu alipokabidhiwa ufunguo wa fleti ile, kwa sababu nyumba ile haina mtu wa kuongea naye na mtu hawezi kushinda na wanyama wasio na majina. Gakii, ambaye ni Mmeru na ana haraka ya pesa, humcheka mbele ya wateja.

"Nyambura ni jina la nyanya yake, mzaa mama," Njenga akaendelea. "Ako hai, ako store. Kiziwi vile vile. Mstari ule ule, kona ile ile juu ya jicho. Boss hataki wateja wamwone."

"Utamwambia Madam hivyo?"

"Kwani niko na nani mwingine hapa Doha? Nitasema, babe. Niko na wewe."

Millicent akakata simu na kufumba macho. Machozi yalimtoka kwa ile ahueni tu.

"Sista," Herbert dereva, Mganda asiyependa fujo, akamwambia kupitia kioo. "Usilie ndani ya gari. Madam atasema mimi ndiye nimekuonea huruma."

*

Gakii aliwapokea mlangoni na mikono miwili. Moshi wa udi ulikuwa mzito hadi macho yanawasha, na chini yake harufu ya fereti ilikuwa pale pale, haijaondoka.

"Karibu Mama, karibu nuru ya nyumba," akasema kwa Kiarabu kizuri. Kisha, tabasamu lile lile usoni, akamgeukia Millicent kwa Kiswahili. "Umevaa vizuri kwa mtu wa kwenda airport."

"Sista Gakii, nilikukosea nini?"

"Hujanikosea kitu. Mtu lazima aanguke, na mimi nina biashara. Wewe uko na nini?"

"Anasemaje?" Madam akauliza.

"Anaomba msamaha, Mama. Nimemwambia akuombe wewe."

"Mwongo!" Millicent akaruka na Kiarabu chake cha jikoni. "Mama, sijaomba msamaha! Sijaiba!"

"Nyamaza," Madam akasema. "Mlete anayewalisha."

Njenga akatoka chumba cha ndani na gambuti miguuni, ndoo mkononi. Hakumtazama Millicent. Millicent akadhani ni busara tu, wasijulikane. Mwanamke anayependa hukosea hapo kila siku.

Madam akafungua kikapu. "Wewe, huyu umewahi kumwona?"

Kabla hajajibu, Gakii akaingilia kwa Kiswahili, kwa upole, kana kwamba anamuuliza kama wanyama wameshakula.

"Njenga, visa yako iko kwa nani? Na mdogo wako anayesubiri kule Nyeri, atakuja kwa mkono wa nani? Fikiria, alafu ujibu. Usikimbie."

Njenga akafikiria.

Lulwa hakuwa na la kufikiria. Alitoka kikapuni, akanusa hewa, akavuka zulia moja kwa moja hadi kwenye gambuti zile. Akapanda suruali, akapanda shati, akaingia ndani ya mkono wa shati la Njenga na kujikunja humo, mahali alipozoea kulala akiwa mchanga. Pua tu ilibaki nje.

Chumba kizima kiliona.

Njenga akaingiza vidole ndani ya mkono wa shati, akamvuta mnyama kwa shingo na kumrudisha kikapuni.

"Sijawahi kumwona huyu, Mama," akasema.

Haya, wapenzi wa Njenga. Huyo hapo. Mchukueni.

"Lakini ameingia kwenye nguo yako," Madam akasema.

"Fereti huingia nguo ya yeyote, Mama," Gakii akadakia. "Hata ya mwizi."

Millicent alihisi kama amepigwa kofi mbele za watu. Alimtazama mtu aliyesali naye benchi moja, aliyemshikia mkono akiwa na homa, aliyemwambia dakika chache zilizopita "niko na wewe", na yule mtu akaanza kupangusa ndoo iliyokuwa safi. Iliuma, na iliuma zaidi kwa sababu hakuwa na muda wa kuumia. Madam alikuwa tayari anafunga kikapu. "Herbert!" akaita.

"Mama," Millicent akasema. "Kabla hujaniita mwizi mara ya pili, muulize huyu majina ya wanyama wake."

Njenga akainua kichwa. Gakii naye akacheka, tena kwa moyo mweupe kabisa, maana kichekesho hiki alikuwa amekiuza mara nyingi pamoja na wanyama.

"Muulize, Mama, utafurahi! Ana kichaa huyu. Njenga, mwambie Mama majina. Usione haya."

Boss ameamuru. Njenga angefanya nini? Na tuseme ukweli wote, kidogo alipenda. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza majina yale akitaka kweli kuyajua.

"Huyu ni Wairimu, Mama. Ni mama ya hawa wawili. Huyu hapa ni Wangari, binti wa kwanza. Wangari ni mama ya baba yake."

"Mama ya baba," Madam akarudia. Akasogea karibu na tundu. "Kwetu ni hivyo hivyo. Mimi nina jina la mama ya baba yangu. Dada yangu anayenifuata ana jina la mama ya mama."

"Ni sawa kabisa, Mama! Mtoto anarudisha mtu. Nyumba haipotezi mtu."

Uso wa Njenga ulikuwa umechangamka. Mjinga yule alisahau kabisa yuko wapi.

"Na mama yako wewe anaitwa nani? Naye yuko kwenye tundu?"

"Hapana, Mama." Sauti ikashuka. "Mama anaitwa Gathoni. Alifariki mimi nikiwa hapa, nikatazama mazishi kwenye simu. Hilo jina sijampa mnyama. Nimemwekea binti yangu, Mungu akinipa."

Hapo alimtupia Millicent jicho, kwa mazoea. Millicent akaangalia sakafu. Mkono wake ulikuwa umeenda tumboni bila yeye kujua.

"Na huyu mwingine?"

"Huyu ni Njeri, Mama, wa tatu. Njeri ni dada ya baba yake."

Madam Muna akahesabu kwa vidole. Amekulia katika nyumba ambamo watoto hufundishwa kutaja babu zao mmoja baada ya mwingine kabla ya kufundishwa kusoma. Jambo la namna hii halihitaji kuelezwa mara mbili.

"Wa kwanza yupo," akasema polepole. "Wa tatu yupo. Wa pili yuko wapi?"

"Alikufa," Gakii akasema.

"Aliuzwa," Njenga akasema.

Walisema pamoja.

Huo ndio ujinga ambao Gakii ataujutia. Alibuni ukoo wa Uholanzi, akabuni na jumba la Muscat, halafu ukoo wenyewe wa kweli akauacha mdomoni mwa mtu wa Nyeri, akidhani ni utani.

"Aliitwa nani huyo wa pili?" Madam akauliza.

"Nyambura," Njenga akajibu.

"Kwa jina la nani?"

"La mama ya mama yake."

"Naye yuko wapi, huyo mama ya mama?"

Njenga akamtazama Gakii. Akatazama mlango wa store. Millicent alikuwa ameshaufungua.

Nyambura mzee alikuwa amelala juu ya fulana kuukuu ndani ya kreti ya soda, mgongo umetoka mifupa, mstari mweupe katikati ya kichwa na kona juu ya jicho la kushoto. Millicent akachukua bakuli la chuma la maji na kuligonga kwenye nondo za dirisha kwa nguvu zake zote. Fereti wengine wote wa fleti ile waliruka na kukimbilia pembeni wakitetemeka. Gakii akaziba masikio.

Nyambura mzee hakutikisa hata sharubu.

Madam alimtoa Lulwa, akamlaza kando ya bibi yake. Alitazama kichwa hiki, akatazama kile. Wale wawili wakanusana na kulala.

"Na bingwa wa Uholanzi?" akauliza bila kugeuka.

"Baba yake ni Mwangi, Mama," Njenga akasema, maana sasa hakuwa na cha kuficha. "Ako pale kwa kona. Yule anakula."

Mwangi alikuwa ameingiza kichwa kizima kwenye bakuli la paka wa jirani.

*

Millicent alianza kulia na kucheka. Ameshinda! Mnyama ni yule yule, damu ni ile ile, na uziwi umetoka kwa bibi. Hakuna kilichobadilishwa. Alimwona Herbert mlangoni akimpa ishara ya dole gumba chini chini, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alivuta pumzi hadi mwisho.

Laiti ningekuwa mtu mwema, ningeishia hapa.

Madam alifunika kreti kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayefunika chakula.

"Najua hukuiba," akasema. "Nimeona kwa macho yangu."

"Alhamdulillahi, Mama. Asante, Mama."

"Lakini asubuhi nilishasema umeiba."

Millicent hakuelewa.

"Niliwapigia simu wanawake wote wa jana. Leo njiani nimemwapia Latifa. Sasa unataka nirudi niwaambie nini? Kwamba mimi, Muna, niliuziwa kiziwi wa store kwa hadithi ya Uholanzi, nikamkalisha kwenye mto wa hariri, nikawasomea wageni ukoo wake? Watacheka mpaka wajukuu wangu wachekwe."

"Mama, lakini ni kweli..."

"Kweli imekaa hapa ndani ya chumba hiki. Itabaki hapa." Akamgeukia Gakii. "Unaye mwingine mwenye mstari kama huu? Anayesikia?"

Gakii alikuwa amekaa sakafuni, rangi imemtoka. Ilirudi yote kwa mpigo. Sijapata kuona mtu akifufuka haraka namna ile.

"Ninaye, Mama. Leo leo. Tutasema ndiye Lulwa wa kweli, amepatikana alikofichwa. Zawadi kutoka kwangu."

"Na huyu msichana?"

"Polisi, Mama. Kama ulivyosema mwenyewe. Bila mwizi, hadithi haisimami."

Wakaelewana hivyo, wanawake wawili, na hawakupandishiana sauti. Herbert akashusha dole gumba na kukumbuka kwamba ameacha gari pabaya.

Millicent akapiga magoti. Ndiyo, alipiga. Alishika pindo la abaya ya Madam na kumwomba kwa jina la Mungu, kwa jina la watoto wake aliowaogesha. Madam alilivuta pindo, bila hasira, jinsi mtu anavyotoa nguo kwenye msumari.

"Na hawa viziwi wawili," Gakii akamwambia Njenga, ameshasimama na kujipangusa, "sitaki kuwaona hapa kesho. Wewe unajua pa kuwapeleka. Ndoo unayo, na maji yapo."

Njenga akaitazama ndoo.

"Njenga," Millicent akasema kutoka chini pale. "Sema kitu."

Njenga akaiweka ndoo chini.

"Sema tu jina langu. Mara moja tu."

Njenga akainama, akamchukua Nyambura mzee kwa mkono mmoja na Lulwa kwa mwingine. Lulwa alikuwa ameshaanza kuingia tena ndani ya shati lake.

"Sawa, boss," akasema.

Hapo ndipo kitu kilipokatika ndani ya Millicent. Aliinuka. Machozi yalikuwa yamekauka, na nawaambia, afadhali angelia. Hasira ilimfanya asahau nani anaelewa Kiswahili ndani ya chumba kile na nani haelewi. Alitaka kumuumiza mtu mmoja tu, na alijua hasa pa kumgusa.

"Nilikuwa nakuwekea habari mpaka Ijumaa," akamwambia. "Nina mimba yako, Njenga."

Njenga akarudi nyuma, akaiangusha ndoo kwa mguu.

"Milly..."

"Akiwa msichana hataitwa Gathoni. Ataitwa Nekesa, jina la mama yangu. Akija wa pili, wa mwanaume mwingine, naye hataitwa Gathoni. Huyo mama yako hatarudi. Ulimzika kwa simu mara ya kwanza. Leo umemzika tena, na safari hii ulikuwapo."

Njenga alitoa sauti ambayo si neno. Akaegemea ukuta na wanyama wake wawili kifuani, na Millicent akafurahi. Alifurahi kabisa, kwa muda wa kupepesa jicho.

Kisha akamsikia Gakii akicheka taratibu.

Gakii ana cheti cha ndoa. Millicent hana. Na hakuna Mkenya wa Doha asiyejua ni nini hutokea msichana akifika hospitali na tumbo, akaombwa cheti hicho, akakosa. Mwizi anaweza kuomba msamaha na kupanda ndege. Mimba isiyo na ndoa, kule, ina jela yake.

"Sista," Millicent akasema, mkono tumboni. "Sista Gakii, tafadhali. Sisi sote tumetoka nyumbani."

"Ndio maana nimekuelewa vizuri," Gakii akajibu.

Akamshika Madam kiwiko kwa heshima na kumwinamia sikioni. Alisema kwa Kiarabu chake kizuri, neno baada ya neno, na safari hii hakutafsiri uongo hata mmoja.

Madam Muna alimtazama Millicent tumboni. Akatazama kiganja kilichokuwa juu yake. Halafu akageuka polepole kuelekea ukutani, kwa yule mwanamume wa gambuti, ambaye shati lake lilikuwa linatikisika mkononi kwa mnyama aliyekuwa akitafuta pa kulala.

"Wewe," akamwambia, kidole kikimwelekea Millicent. "Huyu umewahi kumwona?"

Njenga akafungua mdomo.